Waliofuatana kwa Karibu Mno

Daktari wa macho ndiye aliyenistaafisha. Alinionyesha kwa ncha ya kalamu mahali ambapo ukingo wa kuona kwangu umeanza kumomonyoka, kisha akasema, kwa ule upole wa Kiswidi usioacha nafasi ya kubishana, kwamba anayefundisha wengine kutazama pembeni hana budi kupaona pembeni yeye mwenyewe. Nikarudisha leseni. Tangu theluji iyeyuke nimekuwa abiria wa treni, na ninaandika haya mezani kwangu Vällingby kwa ajili yenu mnaobaki katika kiti cha kulia, kile cha mwalimu wa udereva. Kwetu Tanzania anayekaa kulia ndiye anayeendesha. Hapa Stockholm nimekaa kulia maisha yangu yote ya kazi bila usukani, nikiwa na breki tu chini ya mguu, na nimefikia kuamini kwamba breki ni dhamana kubwa kuliko usukani.

Sitasimulia vyeo, kwa kuwa gari la mafunzo lina viti viwili vya mbele na hakuna cha tatu cha kupandishiwa. Nitasimulia jambo moja: tabia ya dereva kumfuata mwenzake kwa karibu mno, na mwanafunzi wangu Melkiori, aliyeiacha tabia hiyo kwa jasho, na ambaye hata hivyo ilimuua.

Wiki yangu ya kwanza katika shule ya udereva ya Hagsätra sikuruhusiwa kugusa pedali. Mwenye shule alikuwa Bengt, mzee mrefu aliyevaa sweta moja la kijivu misimu yote. Nilikuwa nimekuja nchi hii kusomea ualimu, nikiwa na shahada pamoja na kiburi chake. Yeye akanikalisha kiti cha nyuma kama mtoto na kuniamuru nigeuke nitazame kupitia kioo cha nyuma ya gari.

"Unaona nini?" akauliza tulipoingia barabara kuu.

"Magari."

"Magari ninayaona mimi kwa kioo changu. Wewe nitajie watu."

Nikaanza kumtajia. Mwanamke anayepaka rangi ya midomo. Baba anayegeuka kuwakemea watoto. Kijana mwenye kutazama mapajani, ambako bila shaka kulikuwa na simu. Walikuwa karibu kiasi kwamba niliona pete zao na mikunjo ya vipaji vya nyuso zao. Nikamaliza siku nzima hivyo, nikiwatazama wageni usoni, na shingo ikiniuma.

"Wote hao," Bengt akasema jioni alipokuwa akizima injini, "wameweka maisha yao katika taa zetu za breki. Hawakujui jina. Hawajui kama una akili timamu. Na wewe hujui kama wao wanazo."

Nimesoma vitabu vingi vinavyochunguza wema na ubaya wa binadamu, vingine vinene kuliko betri ya gari, na sijakuta hata kimoja chenye sura juu ya umbali. Bengt hakusoma chochote isipokuwa magazeti ya uvuvi, lakini alikuwa na sura hiyo kichwani. Ukigundua kwamba dereva wa nyuma amekubandika, alisema, usikanyage breki kumwonya, wala usiongeze mwendo kumridhisha. Achia pedali ya mafuta kidogo kidogo, mpaka nafasi iliyo mbele yako iwatoshe ninyi wawili, ili siku ya kusimama usimame kwa upole kwa niaba yake pia. Ukipata pahala pa kumpisha, mpishe, na umtakie safari njema hata kama hastahili. Nilimuuliza kwa nini niadhibiwe mimi kwa kosa lake. Akanitazama kama mtu anayetazama tairi lililopasuka. "Wewe unataka haki au unataka kufika?"

Nilitaka vyote viwili, na bado ninavitaka. Lakini niliyafundisha maneno yake.

Namna ya kupima umbali mnaijua, ila niiandike kwa ajili ya wasio wa kazi yetu. Gari la mbele likipita nguzo ya taa, unaanza kuhesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Ukiifikia nguzo kabla ya kumaliza, umekaribia mno. Kwenye barafu unahesabu mara mbili. Maneno ya Kiswahili ni marefu kidogo kuliko ya Kiswidi, na sikuona ubaya wowote katika hilo.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa watu wetu: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, waliokuja kwangu kwa sababu kosa likielezwa kwa lugha ya nyumbani huumiza vizuri zaidi. Njoroge, fundi wa kompyuta kutoka Nairobi, alibishana nami kuanzia somo la kwanza.

"Mwalimu, hii nafasi unaniambia niache, mtu ataingia tu."

"Aingie. Utaacha nyingine."

"Na akiingia mwingine?"

"Utaacha nyingine."

"Sasa si nitarudi nyuma mpaka nifike Nairobi!"

"Basi utawasalimia nyumbani," nikamwambia. "Punguza mwendo."

Njoroge ni dereva mzuri leo. Watu wa aina yake, wenye ubishi, hawakuwahi kunitia hofu, kwa sababu ubishi una mlango wa kuingilia. Walionitia hofu ni wale waliosema ndiyo kwa kila neno na miguu yao ikaendelea na mambo yake. Melkiori alikuwa mmoja wao.

Alikuja kwangu akiwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, mpishi katika jiko la shule huko Alby. Alikuwa Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha upande wetu wa ziwa, cha adabu na taratibu. Mikono yake ilikuwa laini kwenye usukani kama mtu anayekanda unga. Alisimama penye kusimama, aliwapisha watembea kwa miguu hata waliokuwa hawajaamua kuvuka. Lakini akishapata gari mbele yake, alilibandika. Nilikanyaga breki yangu, akasema, "Nisamehe, Mwalimu," na baada ya nguzo chache za taa tukawa pale pale, bampa kwa bampa. Nilimpeleka kwenye uwanja wa kuteleza, ambako wanafunzi hupandishwa kiti chenye reli na kugongeshwa kwa mwendo usiozidi wa mtu anayekimbia, ili waonje uzito wao wenyewe ukiwarukia. Wengi hushuka wakijipapasa kifua. Melkiori alishuka akijipapasa, akaomba msamaha, na tulipokuwa tukirudi mjini akalibandika lori la maziwa.

Nilimwamuru aegeshe kwenye kituo cha mafuta na azime gari.

"Baba Aline," nikamwita, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "wewe si mtu wa haraka. Hilo gari la mbele unalitakia nini?"

Alikaa muda mrefu akiupangusa usukani kwa kiganja, ingawa ulikuwa safi.

"Tulipokimbia tulikwenda mstari, Mwalimu. Kulikuwa na ukungu, hata mkono wako huuoni. Mama alituambia kila mmoja ashike nguo ya aliye mbele yake. Ukiachia, umepotea. Mimi nilishika shati la kaka. Nyuma yangu mdogo wangu alishika langu."

"Akaachia?"

"Sijui kama aliachia au alichoka. Nilipogeuka hakuwepo." Akaendelea kupangusa. "Sasa wewe kila siku unaniambia niachie."

Mimi ni mwanamke mwenye maneno, na wanafunzi wangu wote watashuhudia. Siku ile nilitazama malori tu. Yaliingia yakajaza mafuta yakaondoka. Hatimaye nilimwambia kwamba sitamwomba aachie tena. Nitamwomba ashike kitu kingine. Hesabu ya maelfu ilikuwa haimsaidii, maana aliitaja mbio mbio kama mtu anayefukuzwa. Nikamwuliza majina ya watoto wake.

"Aline, Bosco, Kevine."

"Hivyo ndivyo mwalimu wa darasa anavyowaita. Waite kama unavyowaita chakula kikiwa mezani."

Akaona haya kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwanangu Aline. Mwanangu Bosco. Mwanangu Kevine." Nilikuwa nikitazama saa yangu ya mkononi. Ulikuwa muda ule ule wa hesabu ya maelfu.

"Gari la mbele likipita nguzo, waite. Wote watatu wakishaitika, nawe upite."

"Na kwenye barafu?"

"Waite tena, kuanzia mdogo."

"Na tukipata wa nne?"

"Utakuwa dereva bora kuliko mimi."

Alicheka, na tukatoka pale kituoni. Alishindwa mtihani zaidi ya mara moja kwa mambo mengine madogo, lakini kwa umbali hakushindwa tena kamwe. Siku aliyofaulu aliniletea sufuria zima la kisamvu cha Kirundi, na nilikula peke yangu kwa siku kadhaa bila kumkaribisha mtu, jambo ambalo si tabia yangu.

Sasa nifike kwenye desturi yetu ya kusindikizana. Miaka ya mwanzo watu wetu wenye magari walikuwa wachache, na waliozijua barabara walikuwa wachache zaidi. Ikitokea msiba, tulitoka kanisani au msikitini kwa msafara, taa za dharura zikiwaka, kila gari likiwa limelikaribia la mbele kiasi kwamba gari la mgeni lisipate pa kuchomeka. Kulikuwa na sababu. Mama mmoja wa Kikongo aliwahi kuachwa na msafara, akaingia makaburi yasiyo yenyewe, akalia kwa dhati kwenye kaburi la Mswidi asiyemjua. Familia ya yule Mswidi ilimshukuru kwa kahawa na keki. Tulilicheka jambo hilo kwa muda mrefu, lakini hakuna aliyetaka liwe lake.

Aliyeulinda msafara ni Mzee Ezekieli, Mtanzania, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Wengine katika nafasi yake wangetangulia mbele. Yeye siku zote alikwenda nyuma kabisa, na basi lake dogo lililopakia viti na masufuria ya chakula cha msiba, akiwachunga walio mbele yake na kuwapigia simu waliozembea: "Sogea, mwanangu, unakata msafara." Alijivunia, na kwa haki, kwamba hajapoteza mtu. Ni yeye aliyesimama kama baba mzazi siku Melkiori alipofunga ndoa, kwa kuwa Melkiori hakuwa na mwingine. Watoto wake watatu walimwita Babu.

Nilipinga msafara ule katika mkutano wa chama, kwenye ukumbi tuliokuwa tukiazima Hagsätra. Nilieleza kwamba madereva wa jiji hili hawaijui desturi yetu, kwamba wataingia katikati tu, na kwamba magari yaliyobanana hayawezi kusimama ila kwa kugongana. Nikapendekeza kila mtu apewe anwani ya makaburi na aende kwa njia yake.

"Mwalimu ameanza," mtu akasema nyuma, na ukumbi ukacheka.

Mzee Ezekieli hakucheka. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini niambie: mfiwa afike makaburini peke yake, akifuata sauti ya simu, kama mtu anayekwenda kununua kabati?"

Ilikuwa hoja nzito, na nilijua ni nzito hata wakati ukumbi ukipiga makofi.

"Afike mzima, Mzee. Na sisi tumngoje langoni. Jeneza lisishushwe mpaka wa mwisho awe amefika."

"Tungoje kwenye baridi hii?"

"Tungoje."

"Hadi lini?"

"Hadi wa mwisho."

"Wewe sema tu, Mwalimu," mama mmoja akadakia, "una koti zuri!"

Tukapiga kura. Mikono iliyoinuliwa upande wangu ilikuwa wangu na wa Melkiori, aliyekuwa ameketi ubavuni mwa Mzee Ezekieli. Mzee akampiga bega kwa upendo. "Huyu naye wamekwisha kumfanya Mswidi," akasema, na Melkiori akainamisha kichwa akicheka, lakini mkono hakuushusha.

Miezi michache baadaye tulimzika bibi mmoja wa Kihaya. Ilikuwa ile hali ya hewa mbaya kuliko zote hapa, mvua ikianguka juu ya theluji na barabara ikiwa uji wa kijivu. Nilikataa kuingia katika msafara. Nilikwenda peke yangu, nikafika mapema, nikasimama langoni na wachimba kaburi wenye mashine yao ndogo. Jeneza lilikuwa limetangulia. Muda wa mazishi ukafika, watu hawakufika. Nikaanza kutunga kichwani maneno ya kuwakemea juu ya kuchelewa, na nilikuwa nimefikia sentensi nzuri sana simu ilipolia. Sauti ya mwanamke aliyekuwa katikati ya msafara ilisema, "Mwalimu, tumegongana. Mwalimu, ni Baba Aline."

Yaliyotokea niliyapata kidogo kidogo, na ninayaandika kwa utaratibu kwa sababu ni ya kazi yetu. Msafara ulikuwa barabara kuu, njia ya kulia. Melkiori alikuwa wa pili kutoka mwisho, peke yake garini, mashada ya maua yakiwa kiti cha nyuma. Mbele yake aliacha nafasi kubwa, ile ya kwenye barafu. Nyuma yake lilikuwa basi dogo la Mzee Ezekieli. Mbele zaidi gari la mgeni likachomeka katikati ya msafara, likafunga breki, na magari yetu yakasimama kwa kugusana yakivunjana taa. Melkiori alisimama salama. Nafasi aliyoiacha ilimtosha, na ilibaki. Basi dogo, pamoja na viti vyake na masufuria yake, halikuwa na nafasi yoyote. Lilimpiga nyuma, likamsukumia njia ya kushoto, mbele ya lori.

Nimeyapitia haya mara nyingi kama mwalimu anayetafuta kosa la mwanafunzi, na hakuna. Alifanya kila nililomfundisha. Nilimfundisha kukaa mbali na aliye mbele. Hakuna mwalimu awezaye kukufundisha kumweka mbali aliye nyuma yako. Hilo ni lazima afundishwe yeye. Usalama wa mtu barabarani uko katika mguu wa mtu mwingine, na ndiyo maana ninawaambia, ninyi mnaobaki, msimpitishe mwanafunzi kwa kumwonea huruma. Huruma yenu atailipia aliye mbele yake.

Nilikwenda kumwona Mzee Ezekieli siku chache baadaye, nyumbani kwake. Nilikwenda na hasira iliyopangwa vizuri, yenye utangulizi na hitimisho. Alinifungulia mwenyewe, mkono mmoja ukiwa umefungwa bandeji. Funguo za basi zilikuwa mezani, na karibu nazo kahawa isiyoguswa. Polisi walikuwa wameshamhoji na wangemhoji tena.

"Karibu, Mwalimu. Umekuja kuniambia."

"Nimekuja kukupa pole, Mzee," nikasema, na sijui maneno hayo yalitoka wapi.

Tukakaa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kuhesabu watoto ni nini?"

"Unasemaje?"

"Nilimpigia simu. Nilimwambia, sogea, mwanangu, unakata msafara. Akaniambia, 'Nahesabu watoto, Mzee.' Nikamwambia acha utani, sogea. Akacheka. Akasema, 'Bado Kevine.' Halafu..." Akazigusa funguo. "Najiuliza kila siku. Watoto walikuwa shuleni. Alikuwa anahesabu watoto gani?"

Kila fundisho nililokuwa nimelibeba likaniishia kifuani. Nikamweleza. Nikamwambia habari za ukungu, na shati, na mdogo wake. Alikuwa hajawahi kuzisikia, yeye aliyesimama kama baba yake. Nikamwonyesha jinsi ya kutaja, polepole, gari la mbele linapopita nguzo ya taa. Alinisikiliza kama mwanafunzi wa somo la kwanza, midomo yake ikinifuatisha: mwanangu Aline, mwanangu Bosco, mwanangu Kevine. Alipolifikia jina la tatu alifunika uso kwa ule mkono wenye bandeji. Akazisukuma funguo upande wangu wa meza. Sikuzichukua. Nilimwambia azipeleke mwenyewe kwa polisi, na alizipeleka; hajaendesha tena.

Aline alikuwa mwanafunzi wangu wa mwisho kabla macho hayajanikataa. Ananijibu kwa Kiswidi, kama watoto wetu wote, hata ninapomsemesha kwa Kiswahili. Siku ya kwanza barabara kuu sikumwambia habari za kuhesabu. Nilimsikia akianza mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti ya baba yake, akitaja na jina lake mwenyewe humo. Niligeuza uso dirishani, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya, na mguu wangu nikauacha juu ya breki.

Lakini ninataka kuwaacha kwenye mazishi yenyewe ya Melkiori. Katika nchi hii wafu husubiri majuma kadhaa wapate zamu yao, kwa hiyo chama kilipata muda wa kukutana. Hakukuwa na kura. Hakuna aliyelitaja neno msafara. Mtu alisema tu kwa sauti ndogo kwamba kila mmoja aende kwa njia yake, tungojane langoni hadi wa mwisho, na watu wakaitikia wakitazama sakafu. Nilikuwa nimeshinda hoja yangu. Sijawahi kupata ushindi uliofanana zaidi na adhabu.

Siku hiyo nilisimama langoni kuwapokea. Walifika wametawanyika: familia mbili katika gari moja, wengine kwa basi, Njoroge kwa miguu kutoka kituo cha treni na viatu vilivyolowa. Kila aliyefika aliwapa mkono waliotangulia, mmoja mmoja, jambo ambalo katika msafara hatukuwahi kulifanya kwa sababu tulikuwa tukifika sote kwa pamoja na kushuka mbio. Mjane, Mama Aline, alisimama katikati ya watoto wake watatu. Theluji kavu ilikuwa ikianguka taratibu. Mchungaji akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi.

Bosco, mtoto wa kati, akamwambia mama yake kwa Kiswidi, na nilimsikia: hatakuja, Mama, tuanze.

Hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake, wala hakuna aliyehitaji kulitaja. Niliwatazama watu wakikanyaga kanyaga miguu ipate joto. Nikafikiri juu ya watoto wale, na uso wa yule mzee ambao wangelazimika kuutazama kaburini.

"Mama Aline," nikamwambia, "tuanze. Watu wanaganda."

"Wote wamefika?"

"Wanaotarajiwa wamefika."

"Mzee Ezekieli?"

Nikageukia barabara. Alinitazama bila ukali. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na sidhani kama tulikuwa tumewahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Mwalimu, wewe ulisema hadi wa mwisho."

"Nilisema."

"Basi."

Tukangoja. Mchungaji akaingiza mikono mifukoni. Mtu akaanza wimbo wa Kirundi, ukaisha, mwingine akaanza wa Kiswahili. Hatimaye Aline ndiye aliyemwona, akitoka upande wa kituo cha basi, peke yake, kofia mkononi, theluji ikimtua kichwani. Alikuja polepole. Alipotuona tumesimama pale langoni, sote, jeneza likiwa halijaondoka, alisimama ghafla kama mtu aliyedhani kwamba tungekuwa tumekwisha kumaliza, na kwamba alikuja kuliona kaburi lililofukiwa.

Wabebaji wakainua jeneza. Mjane akafuata na watoto, kisha sisi. Mzee Ezekieli akaingia langoni baada yetu na kutufuata kwa mbali sana, akipunguza hatua kila tulipopunguza, akiacha nyuma yetu nafasi ambayo hakuna mtahini angeweza kuikosoa.

Mama Aline akageuka. Akasimama, na kwa kuwa yeye alisimama, mstari wote ukasimama, hata wabebaji. Alimtazama yule mzee kwa kitambo, juu ya vichwa vyetu.

"Sogea, Mzee," akamwita. "Hapa tunakwenda kwa miguu."